Namba Hii Imeshatumika

Ofisini kwetu tulimwita Bi Nyota, na si kwa sababu ya uzuri, ingawa uzuri hakunyimwa. Kila fomu aliyoichora ilijaa vinyota vyekundu, vile vinavyokuambia hapa huruki, jaza kwanza. Nilikaa naye meza moja kwa miaka, nikimtania kwamba hata barua ya posa angeitaka iwe na vinyota.

"Cheka tu," alinijibu. "Fomu ikilegea, watu wanaandika upuuzi."

Na kazi aliijua, hilo simnyimi. Kwanza alichora visanduku kwa penseli nyuma ya karatasi zilizotumika, akafuta, akachora tena mpaka aridhike, ndipo akafungua programu na kuanza kuviburuta kimoja kimoja kwenye kioo cha kompyuta. Alipomaliza aliijaza mwenyewe, kisha akatulazimisha na sisi tuijaze. Sisi sote, watu wenye simu mfukoni, wengine mbili.

Mwaka ule hospitali ilituagiza tuitengenezee fomu ya kuandikisha wagonjwa wa macho. Madaktari bingwa walikuwa wanakuja kwa muda mfupi, nafasi zilikuwa chache, na safari iliyopita wajanja walijiandikisha mara mbili. Bi Nyota akaziba mwanya huo kwa tiki moja: namba ya simu isijirudie. Mkubwa wetu alimsifu mbele ya watu. Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu.

Wazazi wake wote wawili walikuwa na presha ya macho. Nyumbani kwao kulikuwa na simu moja, ikikaa juu ya kabati la vyombo, ya baba kwa jina na ya wote kwa matumizi. Hilo Bi Nyota alilijua kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyewanunulia. Lakini alipokaa mbele ya kompyuta, wazazi wake hawakumjia akilini.

Walikwenda wenyewe kujiandikisha. Mama hakutaka kabisa binti asumbuliwe, watu wasije wakasema amepitishwa mlango wa nyuma. Baba akaandikwa. Mama alipotaja namba ileile, karani akatikisa kichwa.

"Inasema namba hii imeshatumika, mama. Lete nyingine."

"Sina nyingine, mwanangu."

"Basi mashine imekataa. Mimi nifanyeje?"

Akarudi nyumbani. Binti alipopiga simu kuuliza, mama alimjibu kwamba baba ameshapata, yeye zamu yake bado. Bi Nyota alikuwa na fomu nyingine mezani, akaridhika na jibu hilo.

Baba alitibiwa, macho yake yakaokolewa. Ni yeye aliyekuja kuutoa ukweli, madaktari wakiwa wameshaondoka zamani na mama haoni tena. Presha ya macho ikishachukua hairudishi. Siku ya pili yake Bi Nyota aliingia ofisini, hakusalimia mtu, akafungua fomu ile na kuondoa tiki. Kubofya mara moja tu, basi. Halafu akalia, na mimi nikayakumbuka makofi niliyompigia. Inaniuma mpaka leo.

Jumapili moja nilimsindikiza kwao. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, baba akimkata kucha. Bi Nyota akapiga magoti, akaanza kuomba radhi. Mama alinyoosha mikono, akampapasa uso taratibu.

"Baba yako aliniambia ile fomu yako ilikuwa nzuri sana," alisema. "Mimi siku ile niliona ukungu tu. Ilikuwa ya rangi gani, mwanangu?"

"Ya kijani, mama."

"Kijani cha namna gani?"