Mama Tofali na mkate uliomrudishia baba sindano

Saa moja asubuhi, mlango wa tanuri unafunguliwa na joto linampiga Mama Tofali usoni. Anatoa mkate, anaugeuza, anaugonga chini kwa kidole kama anayebisha hodi. Umeiva. Anaukata mbele ya mteja wa kwanza, bibi mmoja mwenye kikapu.

"Tazama hizi pumba, bibi. Usiangalie rangi. Rangi inadanganya."

Analijua hilo vizuri, maana mdanganyifu alikuwa yeye mwenyewe.

Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, akitengeneza mkate wa kahawia. Siri ilikuwa sufuriani: sukari inaunguzwa mpaka inakuwa nyeusi, kisha inamiminwa kwenye unga ule ule mweupe, basi. "Tuliwaambia watu ni mkate wa afya. Tukasema weee, mpaka na mimi nikaamini," anasema.

Baba yake, fundi cherehani, alipoambiwa ana kisukari, aliacha mkate mweupe. Binti akawa anamletea wa kahawia, tena kwa fahari, na mzee akala vipande vinne vinne, roho kwatu. Kipimo cha sukari kikagoma kushuka: kumi na saba, kumi na nane. Macho yakaingia ukungu. Mzee akashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Siku moja muuguzi wa kliniki akamuuliza binti, "Mkate wenyewe umetengenezwa na nini?"

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka.

Aliacha kazi wiki hiyo hiyo, akaanza kuoka nyumbani kwa unga wa ngano isiyokobolewa. Mkate wa kwanza mzee aliugonga mezani. "Mwanangu, huu wa kula au wa kujengea?" Jina la Tofali likaanzia hapo. Alioka mara ishirini na sita ndipo akagundua kwamba pumba hunywa maji mengi, na donge lake linataka kulegezwa na kupumzishwa zaidi.

Muuguzi alitoa masharti: kipande kimoja chembamba, mboga na yai pembeni, dawa haziachwi. Baada ya miezi mitano kipimo kikasoma saba.

"Nilipiga vigelegele, kliniki nzima ikageuka!"

Leo anaoka mikate themanini kwa siku, na saa nne haijafika imekwisha. Mifuko ya kitambaa inashonwa na mzee, aliyeketi mlangoni. Uzi anatunga mwenyewe.

"Niongeze kipande, mwanangu."

"Kimoja tu, baba."

"Haya mambo! Nimezaa mwokaji, halafu nala kwa kupimiwa!" Wateja wanacheka.

Mwakani Mama Tofali anataka kuwafundisha waokaji wenzake kumi, bure. Ana sharti moja tu.

"Kila mmoja aje na sufuria yake ya kuunguzia sukari," anasema, akifunga mlango wa tanuri. "Akiondoka, anaiacha hapa."