Miche ya Kiwanda Kilimani Itaka

Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika vijijini wakati kiwanda kimoja cha mbali kilipotaka kupanda miti kwetu Itaka. Bwana miti alitueleza mkutanoni kwamba matanuri ya kiwanda hicho yanatoa hewa chafu, na miti ikikua huinyonya. Mzee mmoja akauliza kwa Kinyiha kama moshi utasafiri kutoka huko kuja kutafuta miti yetu. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kilima kile kilikuwa kipara, na kijito cha chini yake kilikuwa kinakauka kila kiangazi.

Nilikuwa mjane, na kwa kuwa nilizoea kuatika miche ya kahawa, nikachaguliwa kusimamia kitalu. Mimi na wanawake wenzangu tulijaza udongo kwenye viriba vya plastiki, tukamwagilia, na mvua zilipoanza tukapanda miche kilima kizima. Kiangazi kilipofika, moto wa watu waliokuwa wakisafisha mashamba ukapanda kilimani, ukala miche yote. Nilikwenda kutazama, nikakaa kwenye majivu nikalia. Mkaguzi wa kiwanda alisema tukishindwa tena, mradi utahamishiwa wilaya nyingine.

Tukapanda upya. Mwaka huo mfugaji mmoja Msukuma alikuja na ng'ombe wake kutoka bondeni Momba, akaweka boma karibu na kilima. Kijiji kikataka aondoke kabla mifugo haijamaliza miche. Mimi nilitazama zile nyasi ndefu zilizouzunguka mradi, nikamfuata bomani kwake. Mkewe akanipa maziwa ya mgando. Nikamwomba mumewe achunge ukanda wa nje tu, upana wa barabara, kuzunguka kilima chote, na ng'ombe asivuke ndani.

"Mama, kila ninapofika naambiwa nitoke," mfugaji akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nikae."

Kijijini walinishambulia. Niliwajibu kwamba ng'ombe akila mche mmoja, wanifukuze mimi kitaluni. Miezi yote ile nilishika ahadi hiyo kwa wasiwasi, nikipita kila asubuhi kukagua kwato.

Mwezi wa tisa, mchana wa upepo, moto ukatokea tena upande wa magharibi. Tulikimbia na matawi mabichi, mfugaji na mkewe wakiwa mbele yetu. Ulikuja kwa kishindo, mrefu kuliko mtu, hadi kwenye ule ukanda. Hapo nyasi zilikuwa zimetafunwa hadi shinani. Miali ikashuka, ikawa ya magotini, kisha ya vifundoni, nasi tukaipiga mpaka ikazima. Nilikuwa na masizi usoni na sauti imekauka, lakini nyuma yangu kilima kilikuwa kijani.

Mkaguzi alikuja, akapanda kilima kwa miguu, mstari kwa mstari, tukimfuata. Aliposhuka alisema, "Mradi unabaki hapa."

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Kwenye mkutano uliofuata mwenyekiti aliniuliza kama nina neno. Nikaomba yule mfugaji aandikwe mwanakijiji. Mikono ikainuka mpaka safu ya nyuma. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Mkewe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na sisi sote tukampokea.