Kiti cha Mgeni

Enzi zetu mtoto hakulelewa na wazazi wake. Alilelewa na yeyote aliyekuwa karibu na fimbo. Nasema hivyo kwa fahari, kama wenzangu wote wa rika langu wanavyosema, ingawa nikitulia nikafikiri sijui fahari yenyewe inatoka wapi.

Fimbo yangu mimi ilikuwa mkononi mwa koko, mama yake baba, kule Wamaza, mashariki mwa Kongo. Baba alikuwa fundi wa magari, na kwa kuwa Wamaza haikuwa na magari, alikwenda kuyafuata Zambia. Akaondoka na mama. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza akiachwa hakuna anayesema ameachwa. Wanasema amebakia kwa koko, ili nyumba isinyamaze. Sikuulizwa. Nilikuwa bado najifunza kutembea bila kuanguka, na hata ningeulizwa nadhani ningekubali, maana koko alikuwa na karanga.

Nakumbuka asubuhi za pale. Umande wa njiani ulitulowesha kaptula kabla hatujafika mtoni, kwa hiyo tulirudi na vidumu vimejaa maji na sisi wenyewe tumejaa maji. Mpunga ulipoanza kuiva tulipelekwa shambani kufukuza ndege. Tulikaa juu ya kichanja tangu jua linachomoza, tukipiga makopo na kupayuka mpaka sauti zikakauka, na ndege walikula walichotaka. Mvua za kwanza zilileta kumbikumbi, tukawala wabichi, mabawa yakitubakia midomoni. Jioni palikuwa na wali na sombe, kisamvu chetu, iliyotiwa mawese mpaka ikang'aa, kisha tukagombea ukoko chini ya sufuria. Sijala kitu kitamu kama ule ukoko. Nimewahi kujiuliza kama ulikuwa mtamu kweli au tulikuwa na njaa tu, nikaona swali lenyewe halina adabu.

Maswali ndiyo yaliyonipatia fimbo nyingi. Koko akisema mtoto akila amesimama chakula kinateremka miguuni, mimi nauliza mbona mbuzi anakula amesimama na miguu yake ni myembamba. "Weye utakufa na maswali," alisema, akiangalia fimbo iko wapi. Shuleni mwalimu alitupa hesabu za treni: treni inatoka mji huu, nyingine inatoka mji ule, zitakutana wapi. Hakuna aliyewahi kuona treni, yeye mwenyewe akiwamo. Nikauliza kwa nini zisiwe pikipiki. Nikapigwa, na hesabu ikaendelea na treni zake.

Watoto wa leo wanacheza mpira kwa kidole gumba, na wakifungwa wanasema mtandao ni mbovu. Sisi mpira wetu ulikuwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba za mgomba, na tukifungwa tulisema mpira umefumuka. Ukiangalia vizuri ni uongo uleule, wetu ulikuwa na vumbi zaidi.

Sisi tuliosoma pamoja tuna kundi letu kwenye simu. Mmoja yuko Lubumbashi, mwingine Kampala, wachache wamebakia Kabambare na hao hawaandiki sana, labda kwa sababu mito tunayoililia wao wanaivuka kila siku. Kila Jumapili mtu anatuma picha ya sombe, nasi wengine tunalia kwa vidole. Mwandishi mkuu wa vilio hivyo nilikuwa mimi. Niliandika siku moja kwamba kulelewa na koko ni shule ambayo chuo kikuu chochote hakiifikii. Walinitumia mioyo mingi sana. Maneno hayo muyakumbuke, yatarudi.

Nikumbuke kwanza kiti. Nyumba ya koko ilikuwa na mikeka, ilikuwa na vigoda, na ilikuwa na kiti kimoja chenye mgongo, cha mbao, na pa kukalia pamewambwa ngozi ya mbuzi. Kilikaa nyuma ya mlango kikimsubiri mgeni. Sisi hatukukikalia, na koko mwenyewe hakukikalia. Katekista alipokuja, au wakwe, au mtu wa chifu, mtoto hakungoja kutumwa. Alikileta mbio, akakipangusa kwa kiganja, akasema, "Karibu, ikala." Kisha akaenda kuangalia kama kuku atachinjwa. Katika yote niliyofundishwa, hilo peke yake sikuliulizia sababu, kwa ajili ya kuku.

Nilikuwa nimeshaanza shule ya msingi siku pikipiki iliposimama kiwanjani, imetoka upande wa Kabambare. Akashuka mwanamke mwekundu kwa vumbi, kitenge chake kipya, ameshika begi kwa mikono miwili. Koko alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikaleta kiti, nikakipangusa mara mbili kwa kuwa kitenge kilikuwa kizuri, nikamwambia, "Karibu, mama, ikala," kama tunavyomwambia mwanamke yeyote mzima. Alinitazama. Akaweka begi chini, akakaa.

"Asante, baba," akasema.

Nikamwuliza anamtafuta nani.

Koko alipotokea na kutuona, mgeni kitini na mimi nimesimama mbele yake kwa heshima zote, alicheka mpaka mchi ukamwanguka. "Weye mujinga, ni mama yako huyo." Mimi niliamini, kwa sababu koko alikuwa hasemi uongo, nikageuka kumtafuta kuku.

Kisa hicho kikawa mali ya ukoo. Kimesimuliwa kwenye harusi na kwenye sherehe ya diploma yangu Bukavu, na msimulizi mkubwa nilikuwa mimi tena. Nilimwigiza mtoto anavyopangusa, nikamwigiza koko na mchi wake. Mama alicheka kila mara, mkono mdomoni.

Basi mwaka jana nikapata kazi Kanada. Nimezaliwa mahali ambapo watu wanatafuta dhahabu kwa sururu na karai, nikasomea mawe, na kazi ya kupima mawe nikaipata nchi ambayo kwa miezi mingi jiwe halionekani kwa sababu ya theluji. Kabla ya kuondoka, mimi na mke wangu Espe tulimbeba binti yetu Neema, wa miaka mitatu, tukaenda Kasongo kumuaga mama. Mama anakaa huko tangu baba afariki, yeye na kile kiti alichorithi kwa koko.

Jamaa walijaa uani. Hakuna aliyewahi kuvuka Kindu, na wote walikuwa wataalamu wa Kanada. Mmoja alitushauri tusipumue haraka, hewa ya kule inaganda kifuani. Mwingine alimwonya Espe kwamba kule mwanamume anaosha vyombo, akaniangalia mimi kwa huruma kama mtu anayepelekwa gerezani. Nilikuwa nafurahia kabisa, mpaka baba mkubwa Leonari, kaka yake baba, alipokohoa. Yeye si mgeni pale, lakini ndiye aliyekuwa kitini, kwa cheo.

"Weye na bibi yako mwende mukatafute," alisema. "Mutoto atabakia. Mama yako iko peke yake mu hii nyumba."

Espe alimvuta Neema karibu. "Baba mukubwa, mutoto iko bado mudogo."

"Njo maana. Mukubwa atakataa."

Watu wakacheka. Mimi nikaanza, "Baba mukubwa, siku hizi..."

"Siku hizi nini? Weye haukubakia? Ulikufa?"

"Sikufa."

"Ulikosa diploma?"

"Sikukosa."

Akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya katekista, akitua kila neno, kwamba kulelewa na koko ni shule ambayo chuo kikuu chochote hakiifikii. Akaishusha miwani. "Hii nani aliandika?"

"Ni miye."

"Basi tumemaliza. Mulete chakula."

Mimi ni mtu niliyebishana na padri kuhusu uumbaji wa dunia, na nikiwa chuoni walimu walijifanya hawauoni mkono wangu. Siku ile sikuwa na neno. Ningesemaje? Kwamba yale yalikuwa maandishi ya Jumapili? Espe alinitazama kama abiria anayegundua mwenye pikipiki hajui njia. Na kilichonibana zaidi nilikuwa nimekiona asubuhi chumbani kwa mama: kidumu kidogo kipya cha njano, cha kumtosha mtoto wa miaka mitatu, na juu yake gauni dogo la kitenge, nguo moja na ya mama. Alikuwa ameshajiandaa. Nikimchukua Neema, namwachia mama nyumba iliyonyamaza. Nikimwacha, siwezi tena kusema kwamba mimi niliachwa bila kuulizwa.

Mama alitoka jikoni anajifuta mikono.

"Shemeji, simama kidogo," alimwambia baba mkubwa.

"Nisimame?"

"Simama. Nataka kukalia ile kiti."

Akasimama, bila kujua mikono aiweke wapi. Mama akakaa, mgongo umenyooka. Sikuwa nimemwona amekikalia tangu siku ile ya Wamaza.

"Njia yote toka Zambia," alisema, "nilikuwa nawaza namna huyu atakimbia kuja mu mikono yangu. Nilimubebea viatu. Kufika, akaniletea kiti. Akaipangusa." Alipitisha kiganja kwenye ubao wa pembeni. "Munachekea ile maneno, kila harusi. Na miye ninacheka. Mulitaka nilie mbele ya watu?"

Kuku mmoja alipita katikati yetu kama mwenye haraka zake.

"Espe, beba mutoto wako. Sitaki siku moja ushuke ku pikipiki hapa na zawadi, yeye akuambie karibu mama, ikala."

"Na weye utabakia na nani?" baba mkubwa aliuliza, sauti imepungua.

"Nitafuga bata. Bata wanapiga kelele."

Gauni Neema alilivaa siku ya safari. Kidumu kilibakia.

Sasa tuko huku. Nyumba yetu iko ghorofani, ina meza na viti vinne, vyote vina mgongo, na hakuna anayeulizwa kama ni mgeni kabla ya kukalia. Mtoto wa jirani ana chumba chake na anagonga mlango wa wazazi wake kabla ya kuingia, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilijaribu kumsimulia Neema enzi zetu. Nikamweleza tulivyofukuza ndege kwenye mpunga. Akauliza ndege walikula wapi sasa. Nikamweleza ukoko. Akauliza kwa nini koko hakupunguza moto. Ugonjwa wangu ameuchukua mzima mzima, na huku fimbo ni kesi ya polisi.

Nikatafuta ni kipi katika enzi zetu kinaweza kuvuka. Mto haubebeki, kumbikumbi hakuna, na sombe tunayopata imeganda kama tofali. Nikaona kilichobakia ni adabu. Basi nikamfundisha: mgeni akiingia, unamletea kiti, unakipangusa, unasema karibu, ikala. Alilipokea hilo bila swali, nami nikajivuna. Fundi aliyekuja kutengeneza mitambo ya joto alipewa kiti kabla hajatua mkoba wake. Akatuangalia, akakaa, akabakia pale muda mrefu wa kutosha, masikini, kwa kuwa hakujua lini anaruhusiwa kusimama. Nilirekodi kwa simu, nikatuma kwenye kundi. Mioyo ilimwagika.

Jumapili tunaongea na mama. Binamu yangu anampandisha mpaka pale kilimani ambapo mtandao unapatikana, na bata mmoja wawili wanawafuata. Picha inakwama mara nyingi, mama anabakia mdomo wazi, kisha anaruka kwenye sentensi nyingine. Neema alizoea, akawa anapita nyuma yetu na wanasesere wake.

Jumapili iliyopita simu ilipoita nikaiegemeza kwenye chupa ya maji mezani, kama kawaida. Uso wa mama ukatokea. Neema akaacha vitu vyake, akaenda mpaka ukutani, akaburuta kiti kwa shida, akakiweka mbele ya simu. Akakipangusa kwa kiganja. Akafikiri kidogo, akakipangusa tena.

"Karibu, koko," alisema. "Ikala."

Espe aliniangalia. Kule Kasongo kimya, nikadhani mtandao umekatika, mpaka nikamsikia bata.

"Asante, mama," mama akasema. Kisha akacheka, mkono mdomoni.

Enzi zetu mgeni alikuja na pikipiki na vumbi lake, na alipopewa kiti alikaa. Siku hizi anakuja kwa simu, kiti kinabakia kitupu, na mazungumzo yakiisha mtoto anakirudisha mahali pake mwenyewe, bila kutumwa. Watu wote wanatusifu kwa malezi.