Nyundo Kwenye Tangi la Matiliku

Siku ile ya tangi naikumbuka, mwanangu, hata mahali niliposimama. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, na kwa kuwa nilishinda nyumbani kama kuku anayeatamia, akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, wakanifanya msimamizi wa kujenga tangi la maji la shule yetu ya Matiliku. Kazi yangu ilikuwa moja: konkriti ikimwagwa, nihakikishe imeshindiliwa kwa chuma mpaka chini, isiache mapengo.

Tulipofika upande wa mashariki, muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ukaiva. Nikaenda kula. Mbao zilipotolewa, pale palikuwa na matundu kama sega la nyuki. Nikayapaka plasta mwenyewe, yakapotea. Nilidhani kisichoonekana kimekwisha.

Kabla ya mvua akaja Mzee Nzioka, fundi wa madaraja kutoka Makindu, kulikagua tangi kwa nyundo ndogo. Akawa anagonga ukuta polepole, sikio limeinama.

“Mzee, unabisha hodi? Hakuna mtu ndani,” nikamtania.

“Ngoja, bwana fomu foo. Ataitika.”

Akanipa nyundo nijaribu. Ko, ko, ko. Wallahi kwangu zote zilikuwa sauti moja! Nikachokonoa masikio, nikagonga tena. Ko. Ndipo Mama Mwikali, muuza vyungu sokoni, akapita akigonga kwa kidole, vile anavyopima chungu kabla ya kukinunua. Akasimama mashariki.

“Hiki kimekufa tumboni,” akasema. “Na watoto wetu ndio watapanga mitungi hapa chini, tangi likijaa?”

Masikio yangu hayakusikia kitu. Lakini plasta ile niliijua.

“Ni mimi, mama. Nilienda kula.”

Plasta ikabanduliwa, ngumi yangu yote ikaingia ndani. Tukaziba upya, nikishindilia mwenyewe, na Mama Mwikali ameukalia mfuniko wa sufuria. “Utakula tangi likiitika vizuri!” Mvua ikaja, likajaa, likasimama.

Wahenga walituonya tuzibe ufa. Lakini ufa, mwanangu, angalau unaonekana. Mimi mpaka leo nikigonga ukuta sielewi unaniambia nini. Basi shika hili: kama huna sikio, mwite mwenye nalo, hata kama hakusoma, na kama plasta uliipaka wewe, sema kabla nyundo haijafika. Mungu akujalie, popote maisha yatakapokugonga, usikike mzima.