Ukungu wa Mufindi

Nilikuwa na diploma ya ufundi wa injini, na niliipata kwa jasho langu mwenyewe. Niliondoka kwetu Mbeya na shuka moja, nikachimba shaba Ndola, nikafagia gereji ya Mzungu, nikasoma kila jioni baada ya kazi mpaka wakanipa cheti chenye muhuri. Miaka tisa baadaye, basi lililonirudisha lilipita Ilomba, karibu kabisa na nyumba ya mama, nami sikushuka. Nilivuta kofia ikanifunika uso. Sikutaka anione nikishuka kwenye basi na vibarua wengine. Nilipania kwanza nifike Iringa, nianze kazi, ninunue motokaa, ndipo nije mlangoni kwake nikipiga honi.

Motokaa niliipata Ipogolo, pale Iringa, kwa mwenye duka wa Kihindi. Mbele ya rejeta alikuwa amefunga gunia.

"Usitoe hilo mpaka baridi iishe, bwana," aliniambia.

Nililitoa palepale, yeye akitazama. Injini hutaka hewa. Hilo nililisoma darasani.

Haikupita wiki mbili, telegramu ikaja. Mama amefariki, mazishi kesho saa kumi. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye humfunika mama uso kabla ya sanduku kupigwa misumari. Mtoto wa kwanza ni mimi.

Niliondoka saa kumi na moja alfajiri. Safari njema ingenifikisha saa tisa. Lakini Mufindi nilikuta ukungu mzito wa Julai unaolowesha nguo, na katika mlima motokaa ikaanza kuishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, ikatambaa, ikakohoa, ikazima.

Nilifanya kama nilivyofundishwa, maana sikuwa fundi wa kubahatisha. Niliacha injini itulie. Nilitandaza kitambaa, nikapanga spana kwa ukubwa wake, ndipo nikafungua. Plagi safi. Kabureta safi, isipokuwa matone machache ya maji. Nikarudisha kila kitu, nikawasha, ikavuta kama mpya! Nilijisifu kwa sauti, peke yangu barabarani. Baada ya maili tatu ikazima tena.

Mara ya tatu nilikata shauri kwamba petroli ina maji. Nilimwaga tangi zima kwenye debe, nikachuja kwa kitambaa polepole, nikarudisha. Nikiwa katika kuchuja, dereva mmoja wa lori la pareto akasimama. Mbele ya lori lake kulikuwa na gunia.

"Kamwene, bwana! Mbona gari umelivua nguo? Huku kwetu hata magari huvaa."

"Nina diploma, mzee," nilimjibu.

"Diploma yenyewe ni nzito? Basi ifunge hapo mbele ya rejeta." Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, ninalo gunia la ziada. Chukua, ndugu yangu."

"Asante. Sihitaji."

Akaenda zake.

Ilipozima mara ya nne sikuwa na subira ya kutandaza kitambaa. Niliruka nje, nikafunua boneti hapohapo. Kabureta ilikuwa nyeupe kwa nje, na kooni mwake, mahali pa kupitia hewa, palikuwa na barafu. Nikiwa bado naitazama, joto la injini likaiyeyusha. Yakabaki matone machache, yale yale niliyoyasingizia petroli asubuhi nzima. Injini ilikuwa inavuta ukungu, ukungu unaganda kooni, inakosa pumzi. Kila nilipoiacha itulie kwa adabu ya shule, nilikuwa naupa ugonjwa nafasi ya kujificha. Baridi ya Ndola ni kavu. Hakuna aliyenifundisha ya Mufindi.

Nilivua koti jeusi nililonunua kwa ajili ya mazishi, nikalifunga mbele ya rejeta ili joto libaki ndani. Motokaa ikavuta, haikuzima tena. Ilikuwa karibu saa sita mchana, na Makambako ilikuwa bado mbele.

Nilifika Ilomba jua likizama. Niliwakuta watu wanarudi na majembe.

"Tulikungoja, mpwa wangu," alisema mjomba. "Mchungaji akaogopa giza. Mdogo wako ndiye aliyemfunika."

"Motokaa iliharibika, mjomba."

"Iliharibika? Si wewe ndiye fundi?"

Hakunisimanga, aliuliza kwa kutaka kujua. Nilianza kumweleza habari ya barafu ndani ya injini ya moto, na nikaona ananisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Nilikwenda kaburini. Udongo ulikuwa umeshashindiliwa.

Mchungaji alikuwa na mguu mbovu, na mjomba akaniomba nimpeleke mjini. Nilimpeleka. Tulipanda kilima bila shida yoyote.

"Inavuta vizuri motokaa hii," alisema.

"Ndiyo, mchungaji," nikajibu. "Inavuta vizuri."