Mwindaji wa mamba na kenge wa Bi Zuwena

Leo nimepanda juu ya gari yangu kumkimbia kenge.

Miaka yote hapa Ibra, Omani, kahawa ikimiminwa pale sabla, barazani petu, nawasimulia nilivyomuua mamba wa Rufiji aliyekuwa akitumalizia mbuzi. Jitu zima, refu kama mtumbwi.

Basi asubuhi jirani yangu Bi Zuwena kapiga simu.

"Mwanangu, kuna kenge kwenye mfereji wa falaj, anavinyemelea vitoto vya mbuzi wangu. Njoo wewe, bingwa."

Nikaenda na kamba na shoka.

Kenge kageuka kunitazama. Nikajikuta juu ya boneti.

Bi Zuwena kamfukuza kwa kandambili, kisha kaniuliza, "Na yule wa Rufiji, ulimuua umepanda nini?"

Haya, chekeni. Aliyemuua ni mama yangu. Mimi nilishikishwa mbuzi wa chambo.

Nikakimbia. Mbuzi akabaki.