Mkate Uliogoma Kushuka

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye Chakula cha Bwana hapa Tukuyu, na nililoliona bado linanitetemesha. Kijana mmoja, ambaye tangazo la ndoa yake lilikuwa lisomwe siku hiyo, alipokea mkate, akatafuna, akatafuna tena, kisha akautemea kiganjani mbele ya madhabahu.

Kwetu wazee husema kwamba mwenye dhambi ya siri, mkate humkwama. Baba wa bibi harusi akafunika uso. Mama niliyekaa naye akaninong'oneza, "Mkate umemkataa."

Nikamjibu, "Nilijua tu. Ana mwanamke mwingine huyo."

Mzee wa kanisa akamsogelea kijana. "Mwanangu, tubu sasa hivi."

Kijana akafungua mdomo, sauti haikutoka. Povu jeupe lilikuwa limeganda pembeni mwa midomo. Akaonyesha kwa kidole raba zake zilizojaa tope. Akaletewa maji, akanywa, ndipo akasema, "Ndaga, asante, baba. Nimekuja nikikimbia toka Isongole, najiandaa na mashindano. Nikikimbia muda mrefu mate yanakauka, yanayobaki yanakuwa mazito kama gundi. Hata ugali nisingeumeza."

Akaurudisha ule mkate mdomoni, ukashuka. Tangazo likasomwa, na baba mkwe akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Nimemwomba Mungu msamaha. Mimi nilikuja kwa bodaboda, na mate yangu yalitosha kabisa kumsengenya mtu mbele ya meza ya Bwana.